Korongo la Oldupai: Tazama, Usiokote

Ikiwa kwenu ni Ekalakala, kule Masinga katika kaunti ya Machakos, bila shaka unayajua makorongo yanayochimbwa na maji ya mvua. Mkulima akiyaona husikitika, na ana haki. Lakini hebu simama pembeni uutazame ule ukuta wa udongo. Umepangika tabaka juu ya tabaka, na lile la chini kabisa ndilo la kale zaidi.

Likizo ijayo, ukijaliwa nauli, wapeleke watoto wakalione korongo lililo mkubwa wa yote kwa sifa. Liko kwa jirani zetu wa Tanzania, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Utapitia Nairobi, uvuke mpaka Namanga, kisha uzishike njia za Arusha na Karatu. Jina lake, Oldupai, ni la Kimaasai, nalo latokana na mkonge mwitu unaoota huko. Wageni ndio walioandika Olduvai.

Korongo hilo lina urefu wa kilomita 48 hivi, na kina chake hufika mita 90. Zamani sana palikuwa na ziwa. Wanyama walikuja kunywa maji, na binadamu wa kale wakachonga zana zao za mawe hapo kando. Milima ya volkano iliyo jirani ikatema majivu, yakaifunika mifupa, nayo kwa muda mrefu ikageuka mawe. Hivyo ndivyo visukuku. Baadaye maji yalikata ardhi na kuyafichua matabaka hayo ya karibu miaka milioni 2.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kikichungulia kwenye mteremko. Kumbe lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, ambalo yeye na mumewe Louis waliliita Zinjanthropus. Umri wake ulijulikanaje? Wataalamu walipima majivu ya volkano ya tabaka lile lile, na mwaka 1961 wakatangaza kuwa ni miaka milioni 1.75.

Sasa fikiri: kama mpita njia angaliliokota mapema akalitia mkobani, nani angejua lilitoka tabaka gani? Mfupa uliohamishwa kiholela ni shahidi aliyepoteza ushahidi wake.

Kwa hivyo, waonye watoto kabla hamjafika. Anzeni kwenye jumba la makumbusho lililo ukingoni, kisha mtazame chini mlione lile jabali jekundu lililosimama peke yake. Msiteremke bila mwelekezi wa hapo. Picha pigeni mpendavyo, lakini jiwe hata moja lisipande gari.

Mkisharudi nyumbani, somo lisiishie hapo. Mtoto akikuta mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, katika korongo la Ekalakala au kwingineko, auache palepale, aweke alama, na mzazi au mwalimu awaarifu Makavazi ya Kitaifa. Sheria ya mwaka 2006 ya Makavazi na Turathi yataka ugunduzi wa namna hiyo uripotiwe.

Nanyi wanafunzi, chukueni daftari na kalamu. Hivyo vyatosha kubeba korongo zima hadi nyumbani. Safari njema!