Kitabu Umechapisha Mwenyewe? Basi Jiandae na Hongo ya Njiani

 

Jumamosi iliyopita nilikwenda steshenari moja mjini Tabora kuchukua mzigo wangu. Mzigo wenyewe ni nakala 50 za kijitabu, kurasa 64, jalada la karatasi ngumu, pini mbili katikati. Nikavifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, huyo nikarudi Ipuli. Kufika kijiweni, mshkaji mmoja akachukua kimoja, akakigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Sasa hiki kimechapishwa na nani?"

Nikamwambia mimi.

"Wewe mwenyewe?"

Mimi mwenyewe. Akakirudisha taratibu, kama mtu aliyeokota embe akakuta lina funza. "Aah, basi bado si kitabu. Siku ukichapishwa utaniambia."

Sikukasirika (uongo, nilikasirika kidogo). Lakini swali lake nimelala nalo siku tatu, na leo naomba tuliongee, maana si langu peke yangu. Naona vijana wengi humu intaneti kafe wana mambo yao kwenye flashi, hadithi, mashairi, visa vya mtaani, na wote wanasubiri "kuchapishwa". Neno lenyewe liangalie vizuri. Ni kauli ya kutendwa. Yaani wewe ukae, mwingine aje akufanyie.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikaa. Aliandika kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, akakosa wa kumchapishia. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mwisho Tanzania Publishing House wakakichukua, kikapigwa chapa China, na mzee akafariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi. Miaka 36 jamani! Leo wasomi wanakitaja kama moja ya hazina za Afrika. Mwenyewe hakukiona.

Sasa mchukue Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma, majirani zetu wa reli. Huyu aliona foleni ni ndefu akaanzisha kampuni yake, Heko Publishers, na humo ndimo zilimotoka riwaya zake ambazo kaka zetu walikuwa wanazisoma mpaka jalada linatoka. Alifariki 2008. Sijawahi kumsikia mtu akisema "Tutarudi na Roho Zetu?" si kitabu eti kwa sababu mwandishi na mchapishaji ni mtu mmoja. Miaka ya 1970 na 1980 vitabu vingi vya mfukoni vilikwenda kwa mtindo huo huo, mwandishi anatafuta karatasi mwenyewe na anatafuta wa kuuza mwenyewe. Kwa hiyo mshkaji wangu wa kijiweni historia haimuungi mkono. Lakini hesabu inamuunga mkono, hilo sifichi.

Kila nakala imenigharimu 1,300. Nauza buku mbili. Katika zile 50, 6 zina kurasa zilizosimama kichwa chini, kuanzia 31 mpaka 34 (fundi simtaji, tumeshasameheana). Nyingine 5 zimekwenda kwa watu ambao huwezi kuwauzia: mama, bibi, mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, balozi, na mzee mmoja jirani ambaye yumo sura ya tatu bila jina na amejijua. Zinabaki 39. Zikiisha zote napata 78,000, na nilitoa 65,000. Elfu 13 kwa miezi minane ya kuandika! Kubeba tofali wiki moja kunalipa zaidi.

Haya, tuje kwenye habari za nchi, maana mambo haya yanagusana.

Aprili 2023 serikali ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mshindi wa kwanza milioni 10, na kazi yake inachapishwa. Mimi naipongeza bila kinyongo. Milioni 10 kwa mtunga hadithi ni jambo ambalo miaka ya nyuma ungesema unaota. Ila ni tuzo ya miswada. Wewe ambaye umeshajikamua ukachapisha vinakala vyako 50, kitabu hicho hakina mlango pale. Anayesubiri ndo anayeingia. Na wanaoshinda ni wachache, lazima iwe hivyo, mashindano ni mashindano. Wale mamia wengine wanarudi na miswada yao chini ya godoro.

Kinachonichekesha ni jina la tuzo yenyewe. Mwalimu tunamjua hapa Tabora, kasoma shule yetu ya serikali kuanzia 1937, na kwenye mkutano wa TANU wa hapa hapa Januari 1958 ndipo ulipopita ule Uamuzi wa Busara. Lakini mwaka huo huo 1958 Mwalimu alikuwa na kitu kingine mkononi: Sauti ya TANU, jarida la chama, lililotolewa kwa mashine ya kudurufu. Karatasi za kuzungusha kwa mkono, wino unachafua vidole. Ukiliweka pale kijiweni, mshkaji angesema si gazeti. Aliandika humo maneno makali juu ya maofisa wawili wa wilaya wa Kiingereza, akashitakiwa kwa kashfa, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi 6. Faini ikalipwa, wananchi walichanga.

Kwa hiyo tuzo kubwa ya uandishi nchini ina jina la mtu aliyejichapishia mwenyewe na akahukumiwa kwa alichoandika. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nasema tu watu wa ofisi za serikali ya wakati ule hawakuuliza "hiki kimechapishwa na nani" ili wakidharau. Walikisoma neno kwa neno, na wakili wakatafuta.

Sasa sikilizeni jambo la sisi wa mtandaoni. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa alipe ada ya maombi 100,000, leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni ile hata JamiiForums walizima mtambo wakakaa pembeni kwa muda. Wengi tuliokuwa tunajifunza kuandika enzi hizo tulifunga virago. Piga hesabu: kwa ile 2,100,000 ya kuanzia ningechapisha vijitabu zaidi ya 1,600. Karatasi, kitu cha kizamani, ikawa rahisi kuliko mtandao ambao tuliambiwa ni wa bure!

Baadaye ada zilipunguzwa, na mwaka 2022 kanuni zikalegezwa, leseni ikabaki kwa wanaotoa habari na matukio. Unaandika mapishi, hadithi, maisha yako, hauhitaji. Kwa kweli ilikuwa nafuu. (Ukurasa huu wa habari mnaousoma una mwenyewe na mambo yake ya leseni ni yake, mimi nachangia tu. Mhariri usishtuke.)

Ila hapo ndipo ninapokwama kila nikishika kalamu. Mpaka wa habari na maisha uko wapi? Nikiandika bibi yangu ameamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo, hayo ni maisha. Nikiandika kwa nini amepanga ndoo, kwamba bomba la mtaa limekauka siku tatu, hapo ni maisha au habari? Nikitaja ni siku ya ngapi mwezi huu? Kijitabu changu kizima ni mambo ya namna hiyo: maji, bei ya mkaa, bodaboda, ada, tumbaku iliyochelewa kulipwa, vijana wanaopanda treni kwenda Dar na wanaorudi wamenyamaza. Nimekiita hadithi. Mwalimu wangu alipomaliza kukisoma aliniambia, "Mwanangu, hii ni ripoti umeivisha kanzu." Sikujua nishukuru au niogope.

Bibi huwa anatusimulia habari za wapagazi. Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo kutoka huku hadi Bagamoyo na kurudi, kwa mabega, miezi na miezi. Kila nchi waliyopita, msafara ulitozwa hongo na mtemi wa pale, vitambaa, shanga, waya. Neno hongo wakati ule halikuwa la aibu kama leo, lilikuwa ushuru wa kupita. Hujalipa, hupiti. Na saa ingine njia yenyewe inafungwa kabisa. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga ya kutoka hapa kwenda Ujiji, yule Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone ikabidi azunguke kusini. Habari za njia ile tunazipata kwa nani? Kwa Stanley, na kwa Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905, bei za pembe humo, vita humo, nani alimdai nani. Mfanyabiashara mkubwa, pembe na watumwa, baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora. Aliandika vizuri, lazima nikiri. Lakini wapagazi waliobeba zile pembe hawajatuachia kitabu. Ninachojua juu yao ni cha bibi, na bibi hakujui kuandika.

Basi na sisi juzi juzi njia yetu ilifungwa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini (wengine wakazunguka kusini kama Stanley, sisemi kwa njia gani). Septemba JamiiForums wakasimamishiwa leseni siku 90. Halafu siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima, mpaka tarehe 3 Novemba ndo ikaanza kurudi.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza hadithi kwa WhatsApp. Kundi la watu 40, jero kwa wiki, sura mbili. Najua wengi wenu mnasoma riwaya kwa mtindo huo, mtu anakatisha pale pale pa utamu halafu anasema "lipia uendelee". Nilikuwa nimewaacha kwenye sura ya tisa, binti yuko stesheni ya treni na begi. Giza! Siku zile watu wamepoteza maisha, kuna familia zilikuwa zinatafuta watoto wao hata picha haziwezi kutuma. Ukilinganisha na hayo, hadithi iliyokatika ni jambo dogo sana, aibu hata kulitaja. Ila ndilo lililonipata mimi, na siwezi kuandika lililompata mwingine kama sikuwepo.

Siku ya tatu nikapigiwa simu ya kawaida. Mama lishe mmoja, mteja wa jero. "Mwanangu, yule binti alipanda treni au hakupanda?" Nikamsomea sura ya kumi kwenye simu, salio lake. Nyuma yake nasikia watu wamenyamaza, wanasikiliza, sufuria inachemka. Kufika katikati salio likaisha. Akakopa, akapiga tena.

Mtandao uliporudi, kati ya wale 40 walirudi 26. Sina wa kumlaumu, watu walikuwa na mambo mazito ya kufikiria. Hapo ndo nilipoamua nianze upya, na safari hii iwe karatasi. Karatasi ikishafika mkononi mwa mtu, hakuna wa kuizima.

Lakini karatasi nayo ina njia yake, na hapo ndo kasheshe. Kuandika nimeandika, kuchapa nimechapa, sasa itoke vipi Ipuli? Duka la vitabu mjini wanataka vitabu vya kiada, na hawana makosa, ndivyo vinavyonunuliwa. Kutuma nakala moja Dar kwa basi unalipia kifurushi bei ambayo inazidi kitabu chenyewe. Enzi za miaka ya 1950 gazeti la Kiongozi la Wakatoliki lilikuwa linapigwa chapa hapa hapa Tabora na kusomwa sehemu nyingi za nchi, kwa sababu kila parokia ilikuwa kama kituo cha kuuzia. Kichwa cha mtunzi hakikuwa tofauti na changu, waliochukua mzigo ndo walikuwepo. Sisi wa leo kila mtu ana baiskeli yake na mpira wake. Kwa nini waandishi kumi wa Tabora, Urambo, Nzega na Sikonge wasichange kifurushi kimoja cha basi? Kwa nini maktaba ya mkoa isiwe na rafu moja ya vitu vilivyochapwa hapa, hata vyenye pini mbili? Wenye mawazo waandike hapo chini kwenye maoni, na wenye matusi pia, nimeshazoea.

Jana jioni nilipita tena kijiweni. Yule mshkaji alikuwa na kijitabu changu. Hakukinunua, alikopa kwa jirani. Kaninyooshea kidole kabla hata sijasalimia.

"We, ukurasa wa 40 umedanganya. Kile kisima hakikuchimbwa baada ya mafuriko, kilichimbwa kabla. Muulize baba."

Nikamuuliza mzee wake. Kweli, kabla.