Gari la Magurudumu Manne Halivutwi kwa Mawili

Niliahidi kwamba leo ningeandika kuhusu hifadhidata, lakini hilo litangoja. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, na naona nikilinyamazia mwingine atalipa kama nilivyolipa mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu aliniazima Subaru yake niende harusi Nakuru. Jumapili jioni nikirudi Nairobi, paipu ya mpira ya rejeta ikapasuka nilipokaribia Kinungi. Paipu ilikuwa imezeeka na asubuhi nilikuwa nimeona inatona maji, nikapuuza, kwa hiyo hapo sina wa kumlaumu. Nikazima injini mapema kabla haijachemka kupita kiasi. Paipu mpya si pesa nyingi. Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na bahati.

Nikapiga simu ya bredauni. Jamaa aliniuliza maswali mawili tu: uko wapi, na unapeleka wapi. Alipofika akainua magurudumu ya mbele kwa ndoano, ya nyuma yakabaki kwenye lami, tukang'oa nanga. Mimi nimeketi kando ya dereva, naandika ujumbe kwenye simu, nimeridhika kabisa. Kufika Kimende tukasikia harufu ya mafuta yanayoungua. Dereva akasema ni breki za lori lililo mbele yetu. Tukaendelea.

Fundi akabadilisha paipu na gari likawaka vizuri. Lakini kila ukikata kona kali, mfano unapoegesha, gari linasita na kurukaruka kana kwamba limefungwa breki. Giaboksi ikafunguliwa. Sahani za klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma zilikuwa zimeungua.

Nikampigia mjomba. "Mjomba, samahani sana, gari limeharibikia mikononi mwangu." Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini wewe si ndiye uliyesomea mashine?" Hakuongeza neno. Pesa nilizokuwa nimeweka za kununua tarakilishi mpya zikaishia Kirinyaga Road kwa wauza vipuri.

Sasa tuelewane kilichotokea. Gari la kawaida linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, ukiliinua mbele, ya nyuma yanazunguka huru kama ya mkokoteni. Hakuna kinachoumia. Gari la AWD ni tofauti. Lina shafti inayounganisha mbele na nyuma, kwa hiyo ukizungusha magurudumu ya nyuma unazungusha pia vyuma vilivyo ndani ya giaboksi, hata kama injini imezimwa. Na katika giaboksi nyingi za otomatiki, pampu ya mafuta inaendeshwa na injini hiyo hiyo. Injini ikilala, pampu nayo imelala, na vyuma vinasuguana bila mafuta ya kutosha.

Si hayo tu. Kile kifaa cha katikati kimetengenezwa kuvumilia tofauti ndogo ya mwendo kati ya mbele na nyuma, kama ile ya kukata kona. Sisi tulikilazimisha kuvumilia nyuma inayokimbia na mbele iliyosimama, kwa zaidi ya kilomita 60. Katika magari mengine kifaa hicho ni klachi ya sahani, katika mengine ni koplingi yenye mafuta mazito ya silikoni. Vyote viwili adui yao ni joto.

Basi kosa ni la nani? Mwanzoni nilimlaumu dereva wa bredauni. Halafu nikawalaumu wanaotuletea magari ya mitumba kutoka Japani, maana kitabu cha gari kilikuwa ndani ya dashibodi, kurasa mamia, zote Kijapani. Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala kali juu ya jambo hilo. Kabla ya kuimaliza nikaona afadhali nikifungue kitabu chenyewe kwa mara ya kwanza. Nikafika kwenye ukurasa wenye mchoro wa gari lililoinuliwa mbele, magurudumu ya nyuma yako barabarani, na juu yake alama kubwa ya X. Jamani, X haihitaji kujua Kijapani. Kitabu hicho kilikuwa ndani ya gari tulilokuwa tunalivuta, safari nzima.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: swali "gari linaendeshwa na magurudumu mangapi?" liulizwe kabla ya ndoano kugusa gari, na mwenye gari asingoje kuulizwa. Sisi watu wa programu tunajua kwamba ukipokea data bila kuikagua, siku moja mfumo utaanguka. Lakini fomu za msaada wa barabarani nilizowahi kujaza zinauliza hata rangi ya gari, na hazina sehemu ya swali hili. Ni sehemu moja tu ya kuongeza. Kama wewe ndiye unayeitunza programu kama hiyo, tafadhali iongeze wiki hii.

Najua mtaniambia lori bapa, lile linalobeba gari zima mgongoni, ni ghali na halipatikani kila mahali usiku. Ni kweli. Lakini linganisha bei hiyo na bei ya giaboksi. Na kama lori bapa halipo, mwulize mwenye bredauni kama ana vitoroli vya kuweka chini ya magurudumu yanayobaki nyuma. Kinachotakiwa ni magurudumu yote manne yasizunguke barabarani. Wengine watasema wamevuta Subaru miaka mingi na hawajaona shida. Huenda hawakuiona kwa sababu shida hujitokeza baadaye, gari likiwa limesharudi kwa mwenyewe na bredauni imeshaondoka.

Mambo machache ya kushika:

1. Usitegemee jina la gari. Si kila Subaru ni AWD, kwa mfano BRZ inaendeshwa na magurudumu ya nyuma. Na Toyota Fielder mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana: NZE141 ni ya mbele, NZE144 ni ya yote manne. Angalia namba ya chesisi kwenye logbuku.

2. Betri ikifa na gia imekwama kwenye P, magari mengi ya otomatiki yana kitufe au kitundu karibu na gia kilichoandikwa SHIFT LOCK. Kinakuwezesha kuweka N ili gari livutwe taratibu hadi juu ya lori. Weka mawe kwenye magurudumu kwanza.

3. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya gari. Mara nyingi huwa ni ya kuzungusha kama skrubu na imewekwa buti pamoja na jeki. Isifungwe kwenye vyuma vya sasipensheni.

4. Kuvutwa kwa kamba magurudumu yote yakiwa chini ni kwa dharura tu, pale kitabu cha gari kinaporuhusu, kwa mwendo na umbali kilioutaja. Kumbuka injini ikiwa imezimwa breki na usukani huwa vizito sana.

5. Haibridi na magari ya umeme yana hatari yake pia, kwa sababu mota ikizungushwa na magurudumu inaweza kuzalisha umeme na joto. Tesla, kwa mfano, wanaagiza gari lao lisafirishwe magurudumu yote manne yakiwa juu.

Jumamosi iliyopita nilimrudishia mjomba gari lake. Nilikuwa nimebandika karatasi ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta: AWD, BEBA MAGURUDUMU YOTE MANNE. Aliisoma, akaniuliza kama gari la mama yangu nalo nimelibandika. Sikuwa nimefanya hivyo. Nililibandika jioni hiyo hiyo.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Kabla ya hapo, fungua dashibodi ya gari lako utafute ule mchoro wenye X.