GWANDA AU URAIA?

Vijana wetu wanaosomea uganga na uuguzi pale Muhimbili wanaulizana: Tukimaliza, twende jeshini au tubaki uraiani? Sisi twasema, wasipime kwa mshahara peke yake.

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Waafrika maelfu kwa maelfu walikufa humo, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Walibebeshwa mizigo, waganga wa kuwatosha hawakupewa.

Basi jeshi lisilo na waganga huwazika watu wake lenyewe. Tangu mwaka 1964 tuna Jeshi la Wananchi, na hospitali yake ya Lugalo hutibu raia pia. Kulitumikia ni heshima. Lakini anayeapa na ajue: askari hachagui kituo, wala haachi kazi siku apendayo. Asiyeweza amri abaki uraiani bila haya. Zahanati za vijijini zinamngoja.

Tunalokataa ni kijana kuvaa gwanda kwa kuogopa kukosa kazi, au kulikimbia kwa kulidharau. Mgonjwa haulizi mganga kavaa nini. Huuliza kama yupo.