Wanafunzi wa Sheria na Haki ya Mnyonge

Wahenga walinena, "Mnyonge kupata haki, ni mwenye nguvu kupenda." Mimi naamini kwamba vyuo vya sheria vyaweza kuipunguzia methali hii ukweli wake, nami nitatoa sababu zangu.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, tangu mwaka 1913 iko ofisi ya msaada wa sheria inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Mpangaji maskini anayefukuzwa nyumbani huenda pale bila kulipa ada. Mwanafunzi humsikiliza, hukusanya ushahidi, huandika hati, na kwa ruhusa ya mahakama husimama mbele ya hakimu kumsemea. Nyuma yake yupo wakili mwenye leseni anayemwongoza. Michelle Obama alifanya kazi katika ofisi hiyo alipokuwa akisoma sheria.

Haja ya ofisi kama hizo ni kubwa. Mwaka 1963, katika kesi ya Clarence Gideon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mshtakiwa maskini wa kosa kubwa la jinai apewe wakili. Lakini uamuzi huo haukugusa kesi za madai, kama za kodi ya nyumba. Huko mtu asiye na fedha mara nyingi hujitetea peke yake mbele ya wakili wa mwenye nyumba.

Wako wasemao kwamba maskini si ubao wa kujifunzia. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Kwa hiyo mteja na aambiwe wazi kuwa anayemtetea ni mwanafunzi, naye akubali kwa hiari yake. Na mwalimu asiache hata karatasi moja itoke kabla hajaisoma. Masharti hayo yakitimizwa, tukumbuke kwamba mteja huyo hachagui baina ya mwanafunzi na wakili hodari. Achagua baina ya mwanafunzi na kukosa mtu kabisa.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ningependa kila chuo chetu cha sheria kiifanye kazi hii kuwa sehemu ya masomo, isiwe ya wachache wapendao tu. Kijana atakayeketi na mjane anayenyang'anywa shamba atajifunza kusikiliza, jambo ambalo kitabu hakiwezi kumfundisha. Nanyi wenzangu mnaotamani joho la wakili, jiulizeni tangu sasa mtalivaa kwa ajili ya nani.