PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE



Wako madereva wa teksi na matatu hapa Shauri Moyo ambao, injini ikitetemeka gari limesimama, hukimbilia Kirinyaga Road kununua vipuri. Plagi leo, pampu kesho, na mtetemo uko pale pale. Fedha hizo ni chakula cha watoto.

Yafaa kupima kwanza. Tazama mipira ya hewa: ikipasuka, hewa isiyotakiwa huingia ndani, na mara nyingi utasikia ikivuma. Tazama na chujio cha hewa. Kisha, kwa gari lenye koili kwa kila silinda, zima injini, chomoa waya wa koili moja, washa, usikilize. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Zima tena, badilisha koili yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama, koili ni mbovu. Usipohama, tazama plagi, kisha injekta. Hapo hujanunua kipuri hata kimoja.

Lakini tusimlaumu fundi peke yake. Tukikataa kumlipa kwa kutafuta kasoro, atapata wapi riziki ila kwa kufunga vipuri? Zamani relini mkaguzi aligonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza, naye alilipwa mshahara kwa sikio lake. Kupima ni kazi, na kila kazi ina ujira.

Basi tupatane ujira wa kupima kabla fundi hajashika spana, na kipuri kilichotolewa akabidhiwe mwenye gari. Hivyo hapana atakayeonewa.