Sinki jeusi, maji ya chumvi na mshahara wa dada

Jamani, kuna ugonjwa umeingia mjini. Kila nyumba ya kupanga inayotaka kuonekana ya kisasa lazima jikoni iwe na sinki jeusi la graniti. Sina ugomvi na sinki, ni zuri kweli. Ugomvi wangu ni kile kinachofuata miezi michache baadaye, sinki likishapauka na kuota ukungu mweupe kama kisigino kilichokosa mafuta. Hapo anatafutwa mchawi, na mchawi siku zote ni dada wa kazi, yule ambaye wengine bado mnamwita beki tatu.

Rafiki yangu mmoja hapa Dar aliniambia bila hata kuona haya kwamba amemkata binti wake shilingi elfu ishirini "ili ajifunze". Wakati tunaongea, binti yuko pale pale anasugua kwa stilwaya na jiki, jasho linamtoka. Nikauliza maji mnapata wapi? Kisima cha hapo uani. Nikaomba siki nyeupe, nikamwagia kidogo kwenye kona moja. Vipovu vikatoka, tukasubiri, nikafuta kwa kitambaa. Weusi ukarudi.

"Kumbe ni maji, dada?" akauliza binti.

Ndiyo, ni maji. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi na chokaa, na wenzetu wa Dodoma wanaokunywa ya Makutupora wanaijua hadithi hii kupitia birika zao za chai. Tone likikauka, maji yanaondoka, chokaa inabaki. Kesho inaongezeka nyingine juu yake. Kisha rangi ya chai na manjano inanasa kwenye ile chokaa, nasi tunasema sinki limeingia madoa. Halijaingia kitu! Uchafu umekaa juu.

Tuelewane pia kuhusu jina. Hili sinki halikuchongwa kwenye mwamba kama yale mawe ya Mwanza. Ni chembe za mawe, hasa kwazi, kiasi cha asilimia 80 hivi, zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki ya akriliki na kumiminwa kwenye kalibu. Kwa hiyo fundi akikuuzia dawa ya kuziba vinyweleo, ile inayopakwa kwenye meza za graniti ya asili, mwambie asante. Sinki hili halinywi maji, na dawa hiyo haina pa kuingia.

Na ile mistari ya kijivu inayong'aa, ambayo mabosi wanadai ni mikwaruzo? Kwazi ni ngumu kuliko sufuria ya alumini kwa mbali sana. Sufuria ikiburutwa, inayokwaruzika ni sufuria, na unga wake unabaki kwenye sinki. Stilwaya inafanya vivyo hivyo, kwa hiyo kadiri binti anavyosugua kwa bidii ndivyo anavyozidi kuchora. Tena hakuna aliyemwambia.

Sasa turudi kwenye mshahara, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haikuruhusu kumkata mfanyakazi kwa sababu tu umekasirika. Kwa hasara au uharibifu, lazima akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Binti hakuchimba kisima. Kosa lake ni lipi? Nilimwambia rafiki yangu arudishe hiyo elfu ishirini. Alicheka. Mimi sikucheka.

Haya, sinki linasafishwaje? Kwanza toa mafuta, kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, maana siki haipiti kwenye mafuta. Halafu changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha vitambaa, vilaze juu ya sehemu iliyopauka kwa dakika 20 au 30. Sugua kwa sifongo laini, suuza, kausha. Kama ni chokaa ya mwaka mzima, usitegemee itoke siku moja, rudia kesho. Mistari ya sufuria inaondoka kwa bekingi soda iliyolainishwa na maji kidogo.

Jiki weka mbali. Inaweza kupausha rangi yenyewe, na huo ni mpauko ambao siki haiwezi kuurudisha. Na tafadhali sana, usichanganye jiki na siki! Inatoka hewa ya klorini, inayochoma mapafu, na anayeinama pale juu ya sinki si wewe bosi.

Kuna wanaopaka mafuta ya kupikia ili sinki ling'ae. Madalali wanaupenda mchezo huu siku ya kuonyesha nyumba. Mafuta hayarekebishi chochote, yanaficha chokaa kwa siku mbili tatu, kisha yananata vumbi na kunuka. Ukiona sinki jeusi linang'aa kupita kiasi kwenye nyumba unayotaka kupanga, pitisha kidole kwanza.

Kinga yenyewe ni kitambaa kikavu kila usiku, na wosha mpya ya bomba linalovuja. Sufuria iliyotoka mkaani usiitue humo moja kwa moja, hasa kama utafungulia maji baridi juu yake. Kipande kidogo kikimeguka, kuna gundi ya kuchanganya ya rangi inayofanana. Ufa uliotoboa hadi chini hauna dawa, hilo ni la kubadilisha.

Na wewe unayejenga sasa hivi, uliza kwanza maji yatatoka wapi. Kama ni kisima, chukua la kijivu hafifu, chokaa haionekani sana. Au chukua lile la bati lisiloshika kutu, ambalo mama yako amelitumia miaka yote bila mtu kukatwa hata senti.