Kipya Kinyemi Kingawa Kidonda



Mwezi uliopita, baada ya darasa la alasiri, mwanafunzi wetu mmoja alibaki nyuma ya wenzake, uso umemshuka. Tulipomwuliza ana nini, alijibu, "Maalim, mchezo wangu umeharibiwa." Tulidhani mdogo wake ameiangusha simu. Kumbe simu ni nzima. Wenye mchezo ule walikuwa wameleta sasisho, yaani matengenezo mapya yaingiayo katika simu kwa njia ya intaneti, na asubuhi alipoufungua hakuukuta ule aliouzoea. Njia alizozijua zimefungwa, na kila pahali pamewekwa bei.

Tulitaka kucheka, kisha tukajizuia. Mwashi akija usiku akauhamisha mlango wa nyumba yako, hutaridhika kwa kuambiwa kuwa mlango mpya ni mzuri zaidi. Kijana huyu alikuwa na swali la haki: je, yafaa mtu kukigeuza kitu alichokwisha kukiuza, hali kimo mkononi mwa mnunuzi, bila ya kumwuliza? Basi leo twapenda kusimulia kisa kimoja cha kweli, kwa kuwa ndani yake mna jawabu ya swali hili, na mna somo kwa kila mwenye kuongoza watu.

Huko Uingereza, katika mji wa Cambridge, iko kampuni iitwayo Jagex. Mchezo wake mashuhuri ni RuneScape, ulioanza mwaka 2001 kwa kazi ya Andrew Gower na ndugu zake. Wachezaji wa nchi mbalimbali hukutana humo kwa intaneti, katika nchi ya kubuni ya zama za kale. Hukata miti, huvua samaki, hufua chuma, hufanya biashara na kupigana vita. Ustadi wa mchezaji hukua polepole, na wako waliotumia miaka mingi kuukuza. Mtu wa namna hiyo akigeuziwa mchezo, amegeuziwa kazi ya mikono yake.

Mwezi wa Desemba 2007 na Januari 2008 kampuni ilifanya mageuzi makubwa. Iliwazuia wachezaji kupeana mali kwa hiari yao, na katika nyika ambamo walikuwa wakipigana, vita vya zamani vikaondolewa. Sababu haikuwa ovu. Walikuwako watu waliouza dhahabu ya mchezo kwa fedha za kweli, na wengine wao walilipa ada kwa kadi za benki zilizoibwa. Kampuni ilitaka kuuziba mlango wa wezi. Walakini mlango ule ndio waliopitia watu wema pia. Aliyetaka kumpa rafiki yake zawadi hakuweza, na wengi waliuacha mchezo kwa huzuni.

Miaka mitatu ikapita. Ndipo kampuni ilipowauliza wachezaji wenyewe: je, mwataka mambo haya yarudi? Kura zaidi ya milioni moja zilipigwa, na katika kila mia, zaidi ya tisini zilisema ndiyo. Tarehe 1 Februari 2011 biashara huru na vita vya nyikani vikarudishwa.

Mtu angedhani kuwa somo limekwisha kueleweka. Lakini mwaka 2012 yalikuja mambo mawili. La kwanza ni gurudumu la bahati, ambalo mchezaji hulizungusha apate tunzo asiyoijua. Baada ya muda mfupi, mizunguko yake ikaanza kuuzwa kwa fedha za kweli. La pili ni mageuzi ya namna ya kupigana, yaliyoingizwa tarehe 20 Novemba mwaka ule. Zamani mchezaji alimwelekea adui na kungoja, kama mvuvi angojavyo mshipi. Sasa alitakiwa kubonyeza vitufe vingi kwa haraka. Mageuzi haya yalijaribiwa kwanza na baadhi ya wachezaji, na manung'uniko yakasikika. Hata hivyo yaliingizwa, na watu wengi wakaondoka.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyotengenezwa. Katika ghala ya kampuni ilikuwamo nakala ya mchezo kama ulivyokuwa mwezi wa Agosti 2007, kabla ya mageuzi yote haya. Mwezi wa Februari 2013 wachezaji waliulizwa kama wanataka nakala ile ifunguliwe, na kura zaidi ya laki nne zikapigwa. Kabla ya mwezi kwisha, mchezo wa kale ukafunguliwa kando ya ule mpya, ukaitwa Old School RuneScape. Tena ikawekwa kanuni: jambo jipya la mchezo lisiingizwe ila wachezaji wamelipigia kura, na katika kila mia, 75 wamelikubali. Baadaye kiasi hicho kilipunguzwa kikawa 70. Mchezo ule uliofufuliwa kutoka ghalani haukufa kama wengine walivyodhani, bali ulikua, na mwaka 2018 ukaingia katika simu za mkononi.

Hatusemi kuwa wengi hawakosei. Huenda watu wakalikataa jambo jema kwa kuwa ni geni tu, na mengine, kama kuzuia wezi, hayangoji kura. Walakini aliyeulizwa akashindwa huvumilia, na asiyeulizwa hujiona amenyang'anywa. Hii ndiyo hekima ya kushauriana, ambayo sisi Waislamu tumefunzwa tangu utotoni.

Ama lile gurudumu la bahati, liliondolewa mwaka 2014, lakini nafasi yake ilishikwa na mchezo mwingine wa bahati wa namna ileile. Mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa taarifa juu ya michezo hii. Ndani yake ilitajwa habari ya mzazi mmoja ambaye mwanawe, mtu mzima, alikuwa na deni la zaidi ya pauni 50,000 kwa sababu ya kununua vitu katika RuneScape. Nayo kampuni ilieleza kuwa mchezaji aliweza kutumia hata pauni 1,000 kwa wiki moja. Mzazi anayesoma maneno haya na ayapime. Kulipa fedha ili upate usichokijua hatuna haja ya kukitafutia jina jipya. Jina lake la zamani ni kamari, na hukumu yake twaijua.

Wahenga walisema: kipya kinyemi kingawa kidonda. Basi yatupasa kuyatazama matengenezo kabla ya kuyashangilia, na kipimo chake ni maswali matatu. Je, yamemfaa mwenye kutumia, au mwenye kuuza peke yake? Je, wenye kuguswa waliulizwa? Na je, iko njia ya kurudi ikiwa tumekosea? Kampuni ile iliokolewa na nakala iliyowekwa ghalani. Lau ingalitupwa, majuto yasingalifaa kitu.

Enyi vijana, msikubali kila kinacholetwa kwa kuwa tu kimeandikwa kuwa ni kipya. Yale matengenezo ya simu yenyewe yanayoziba njia za wezi, yapokeeni. Lakini mchezo ulioanza kuwauzia bahati, uacheni, hata mkiwa mmeutumikia miaka. Nanyi wazazi, msiiache namba ya siri ya fedha za simu ikajulikana na mtoto mchezaji. Tena, mtoto akija na huzuni ya mchezo wake, msimcheke. Mketisheni, mwulizeni kilichobadilika. Huenda ndani ya huzuni ile mkaona mlango wa hatari ambao asingalijua kuwaeleza.

Nasi wenyewe hatukusalimika. Tulipomaliza kumsimulia kijana yule kisa hiki, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Maalim, hata saa za chuo zilibadilishwa." Tulikumbuka. Mwaka jana tuliliondoa darasa la asubuhi tukaliweka la alasiri, tukiona kuwa ni bora kwa wote. Hatukumwuliza mzazi hata mmoja. Wasichana wanne, ambao alasiri huwasaidia mama zao kupika vitu vya kuuza, waliacha kuja, nasi tukasema kuwa ni wavivu.

Tuliona haya mbele ya mwanafunzi wetu. Ijumaa iliyofuata tuliwaita wazazi, tukawaomba radhi, tukawauliza. Sasa darasa la asubuhi limerudi kando ya lile la alasiri, nasi twafundisha mara mbili. Kazi imeongezeka na mgongo wauma, lakini wasichana watatu wamekwisha kurudi. Wa nne twamngojea, na nafasi yake katika jamvi hatujampa mtu.

Wassalaam.